Nafasi Thelathini na Mbili

Ijumaa iliyopita nilistaafu: nilirudisha ufunguo wa kabati langu, nikatia saini karatasi mbili, nikala keki iliyokosewa jina langu, nikaenda zangu nyumbani Segerea. Jumatatu asubuhi simu ikaita. Alikuwa Gervas, niliyefanya naye kazi miaka mingi na ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo.

"Shikamoo Mwalimu. Hawa wapya wananiuliza kwa nini jedwali la anwani liliandikwa vile. Nimewaeleza nusu. Nusu iliyobaki naomba uwaandikie wewe."

Basi naandika. Vyeo nitaviruka, maana nilipata viwili tu, na cha pili kilikuja na kiti kibovu. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaeleza jinsi kazi ilivyonifundisha, na ile siku ambayo mpaka leo nikiikumbuka natabasamu peke yangu jikoni.

Jina langu ni Atupele. Jina la Mwalimu nililipata kihalali: nilitoka Tukuyu kuja kufundisha hisabati sekondari moja ya Temeke, nikafundisha miaka tisa. Shule ilikuwa na kompyuta moja. Ilipogoma kuwaka, mkuu wa shule alinipa mimi niipeleke kwa fundi, kwa hoja kwamba mtu wa hesabu lazima ataelewa atakachoambiwa. Nikaibeba mpaka Kinondoni, kwa Bwana Murtaza.

Huyu Bwana Murtaza alikuwa Mhindi wa Kishia, mzaliwa wa Dar, mwembamba, na hakuachana na rula na kalamu yake nyekundu. Mbele ya ofisi yake walitengeneza kompyuta, na nyuma yeye na wenzake wawili waliandika programu za maduka na zahanati. Alifungua ile kompyuta yetu mbele yangu, akanionyesha kadi mbili zilizochomekwa ndani.

"Hizi zinagombea anwani moja," akasema. "Kompyuta ikiita namba ile, zote mbili zinaitika. Ndiyo maana inaganda."

"Nani alizipa namba moja?"

"Aliyeweka ya pili bila kuuliza ya kwanza ina namba gani."

Wakati ule anwani ya kifaa iliwekwa kwa mkono. Kulikuwa na pini ndogo za chuma na kofia ya plastiki ya ukubwa wa punje ya mchele; ukiihamisha kofia, umebadilisha anwani. Nikamuuliza anwani ziko ngapi kwa jumla, na nani anatunza orodha ya zilizokwisha kuchukuliwa. Aliniangalia, akavuta kigoda, akaniambia nikae. Muhula uliofuata niliacha kazi ya ualimu. Mama yangu aliniombea mwezi mzima, akidhani nimefukuzwa.

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kompyuta. Nilipewa daftari la miraba, penseli, kifutio, na mashine kumi na mbili za zamani.

"Andika kila kilichomo na anwani yake," Bwana Murtaza akasema. "Na usiguse kitu kabla hujaandika kilikuwaje."

Siku ya tatu niligusa kabla ya kuandika. Nilihamisha kofia moja, kisha nikasahau ilikuwa pini ipi. Hakunigombeza. Aliniacha nijaribu kila pini, moja baada ya moja, tangu saa sita mchana mpaka wanafunga ofisi, na mashine ikikataa kila mara. Ilipokubali, alisema tu, "Sasa andika." Kosa hilo sikulirudia tena. Niliyarudia mengine.

Miaka ikaenda. Zile pini zikapotea, kompyuta zikajifunza kujigawia anwani zenyewe, na mimi nikahamia chumba cha nyuma kuandika programu. Kisha zikaja mashine pepe. Kwa yeyote asiyejua: unachukua seva moja yenye nguvu, na programu inaigawa iwe kama kompyuta kumi. Kila moja ya hizo kumi inaamini iko peke yake duniani. Inaamini ina diski yake, kadi yake ya mtandao, kioo chake. Vyote hivyo ni vya kubuni, lakini vinahitaji anwani kama vile vya kweli, kwa sababu mfumo ulio ndani hukitambua kifaa kwa mahali kilipokaa.

Sisi tuliamua kuandika programu yetu ya kusimamia mashine hizo, tukaiita Mwenyeji. Wateja wetu walikuwa hospitali na shule ambazo umeme hukatika na intaneti hupotea, na walitaka kitu kinachoongea Kiswahili na ambacho fundi wake anafika akipigiwa simu. Mimi nikapewa kipande kimoja: kugawa anwani za vifaa. Nilikiandika kwa siku nne. Kilikuwa na mistari arobaini. Nilijisikia fahari kiasi kwamba nilikichapisha na kukibandika ukutani.

Kilifanya hivi: mashine ikiwashwa, inasoma orodha ya vifaa kuanzia juu, na kugawa namba. Cha kwanza nafasi ya tatu, kwa kuwa za mwanzo zina wenyewe, kinachofuata ya nne, kinachofuata ya tano. Rahisi. Kilifanya kazi miezi minane bila lawama, nami nikaanza kufikiri kwamba kazi hii watu wanaizidishia ugumu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa hospitali moja binafsi huko Temeke. Maabara yake iliongozwa na Bi Mwanaidi, mwanamke wa Kimbiji, mfupi, sauti kubwa, asiyependa kurudia swali. Mashine yake ya kupima damu ilipeleka majibu kwenye mashine pepe, na mashine pepe ikayapeleka wodini. Kabla ya hapo majibu yalitembea kwa miguu.

Asubuhi moja Gervas alikwenda huko kufanya usafi wa kawaida. Akaona ile mashine pepe ya maabara ina kadi ya sauti ambayo hakuna anayeitumia. Nani anasikiliza muziki kwenye majibu ya damu? Akaifuta, akaiwasha mashine upya. Kumbe kwenye orodha ile kadi ilikaa juu ya kadi ya mtandao. Ilipotoka, vyote vya chini yake vikasogea juu nafasi moja. Mfumo ulio ndani ukatazama mahali ilipokuwa kadi ya mtandao, ukakuta patupu. Ukatazama nafasi ya jirani, ukakuta kadi. Ukasema hii ni kadi mpya, siijui. Ukatupa mipangilio yote ya zamani. Majibu yakaacha kwenda wodini, na hakuna aliyejua kwa dakika ishirini, kwa sababu skrini ya maabara iliendelea kuonyesha kila kitu ni kijani.

Nilikuwa kwa mteja mwingine mtaa wa pili, nikafika kwa haraka. Nilipoingia maabara nilimkuta Bi Mwanaidi anaandika kwenye karatasi kwa mkono.

"Kuna mama yuko chumba cha upasuaji," akaniambia bila kuinua kichwa. "Wanasubiri grupu la damu. Wamelisubiri kwenye kompyuta yenu. Mie nilishalituma zamani."

Akainuka na ile karatasi akakimbia. Ngazi za ghorofa mbili, mwanamke wa umri ule, koti jeupe likipepea. Mimi nilisimama pale kati ya friji na mashine ya damu, sijui nishike nini. Aliporudi alikuwa anahema, akakaa, akanywa maji.

"Wamewahi," akasema. "Mama mzima, mtoto mzima." Kisha akaniangalia. "Mwalimu, nawapa wiki mbili. Mashine hii ikisahau tena, narudi kwenye daftari langu, na wenzangu wa hospitali nyingine wakiniuliza nitawaeleza sababu."

Nilirudi Kinondoni na Gervas. Alikuwa na miaka miwili tu kazini.

"Mwalimu, nimeua kazi," akasema njiani. "Nisingeigusa ile kadi."

"Ulifuta kifaa kisichotumika. Hilo linaruhusiwa," nikamjibu. "Programu ndiyo yenye kosa, na programu ni yangu."

Kulisema hilo kwa Gervas kulikuwa rahisi. Kulisema mbele ya Bwana Murtaza hakukuwa rahisi. Alisikiliza mpaka mwisho, akazichukua zile karatasi zangu ukutani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akasoma yote arobaini.

"Ulipokipa kifaa anwani," akauliza, "uliiandika wapi?"

"Sikuiandika. Ikiwashwa tena, inahesabu upya."

"Basi hukukipa. Ulikiazimisha."

Akanirudishia karatasi. Nilirudi mezani, nikatoa daftari la miraba, nikaanza upya kabisa.

Sasa hapa ndipo pa nyie wapya kusoma polepole. Kwenye mstari mmoja wa vifaa kuna nafasi thelathini na mbili, na kila nafasi inagawanyika vipande vinane. Nilichora ubao wa safu thelathini na mbili, miraba minane kila safu, nikamwomba mama muuza soda wa jirani vizibo. Kizibo kikiwa kwenye mraba, pamekaliwa. Ndani ya programu kila safu nikaipa baiti moja yenye biti nane: biti ikiwa moja pana kifaa, ikiwa sifuri pako wazi. Mstari mzima ni baiti thelathini na mbili. Ujumbe mfupi wa simu unakula zaidi ya hapo.

Jedwali halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nani anakaa kwanza. Nikaweka mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza unasoma vifaa ambavyo tayari vina anwani iliyoandikwa kwenye faili, na kuvikalisha hapo hapo. Vikigongana viwili, mashine haiwaki, na inakuambia ni vipi vimegongana. Mzunguko wa pili unashughulikia vigeni visivyo na anwani, unavitafutia pa wazi, kisha unaandika kwenye faili papo hapo. Na kuna nafasi ambazo zina wenyewe hata wakiwa hawapo. Kioo kina nafasi yake ya pili. Hata mashine isiyo na kioo, ile nafasi haikaliwi na mtu, kwa sababu kesho atakuja mtu kuongeza kioo.

Nilimpa Gervas kazi ya kunivunjia. Alikuwa mchezaji mkali wa drafti, na wachezaji wa drafti wana roho mbaya ya aina ninayoihitaji. Tulikaa na ule ubao kila siku baada ya chai ya saa nne.

Siku ya kwanza alinishinda kwa kuweka kizibo kwenye kipande cha tatu cha nafasi fulani na kuacha kipande cha sifuri, ndicho cha kuanzia hesabu, kitupu. "Mfumo wa ndani unabisha hodi mlango wa sifuri," akasema. "Usipoitikiwa unaondoka. Huyu wa tatu hataonekana maisha yake yote." Kweli. Nikarekebisha: hakuna anayekaa vipande vya ndani kabla ya sifuri kuwa na mtu.

Akanivunja tena kwa kukitoa kifaa mashine ikiwa inafanya kazi na kuweka kingine papo hapo. Mimi nilikuwa nafuta biti mara tu tunapoomba kifaa kitoke. Lakini kuomba si kutoka; mfumo wa ndani bado ulikuwa umekishika. Vikakaliana. Nikarekebisha: biti haifutiki mpaka mfumo wa ndani wenyewe uthibitishe umeachia.

Siku ya tisa alikuja na mfuko mzima wa vizibo. Akajaza safu zote, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayejua anakokwenda. Kisha akabaki na kizibo kimoja mkononi.

"Huyu?"

"Mstari ukijaa tunaongeza daraja," nikasema. "Daraja linafungua mstari mwingine wa nafasi thelathini na mbili."

"Sawa. Daraja lenyewe linakaa wapi?"

Hapo akanibana. Daraja nalo ni kifaa. Linahitaji nafasi kwenye mstari huu huu ambao umeshajaa. Nakiri nilimchukia Gervas kwa muda wa chai moja. Nilizunguka jengo mara mbili. Mara ya pili, karibu na jenereta, jibu likanijia, na lilikuwa fupi mno mpaka nikacheka. Kabla hujatoa nafasi yoyote, uliza kama ndiyo ya mwisho. Ikiwa ya mwisho, haipewi mtu, linakaa daraja. Nilirudi ndani nikichapa miguu, nikachukua kizibo kimoja cha safu ya mwisho, nikakiweka pembeni, nikachora mstari mpya chini yake.

Gervas aliukagua ubao safu kwa safu. "Mwalimu," akasema, "hapa sina kete."

Nilichapisha programu nzima nikampelekea Bwana Murtaza. Aliisoma siku mbili kwa rula yake. Iliporudi ilikuwa na alama nyekundu moja tu: neno "nafasi" nililoliandika kwa s tatu.

Siku ya kumi na tatu tulikwenda Temeke. Bi Mwanaidi alikuwa amevuta kiti mbele ya skrini kabla hatujafika.

"Leo nachagua mie," akasema. "Toa hiki." Gervas akatoa. "Weka diski nyingine. Zima. Washa." Akatuma jibu la majaribio, akapiga simu wodini. "Limefika? Eeh. Tena." Akatoa vingine, akaongeza vingine, akapanga orodha juu chini kwa makusudi. Kadi ya mtandao ilikaa pale pale ilipoandikwa. Mara sita. Mara ya sita alikata simu ya wodini, akazungusha kiti.

"Nyie, hii inakumbuka."

Kisha akafungua droo, akaonyesha daftari lake. "Na hili linabaki." Nikamwambia na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Jedwali hilo limeendelea miaka yote iliyofuata, kwa kila mteja tuliyempata, na wengi tuliwapata kupitia mdomo wa Bi Mwanaidi. Lakini mtihani wake mkubwa ulikuja baadaye. Bwana Murtaza alikuwa ameshamwachia binti yake ofisi, na anakuja Jumanne na Alhamisi tu kusoma kazi za watu kwa rula.

Ilikuwa Alhamisi. Saa tatu asubuhi hospitali ikatupigia: kiyoyozi cha chumba cha seva kimekufa, na seva inazidi kupata joto. Walikuwa na seva ya pili jengo la jirani. Ilibidi mashine pepe zote zihamishwe huko, na zihamishwe zikiwa zinafanya kazi, kwa sababu ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito na korido zimejaa. Hili hatukuwahi kulifanya kwa mteja. Kuhama hivyo kunataka upande wa pili uwe umeandaliwa vifaa vile vile, nafasi zile zile, kipande kwa kipande. Kikikosea kimoja, mashine inaanguka katikati ya safari na majibu yote yaliyomo ndani yake.

Nilimpigia Bi Mwanaidi nikamwambia tutahamisha asubuhi hiyo, na akiona kitu chochote anipigie. Akasema, "Nikiona kitu mtanisikia bila simu."

Tulikaa watatu Kinondoni mbele ya skrini moja iliyounganishwa na seva za hospitali. Bwana Murtaza alikuwa na karatasi ya anwani za seva ya kwanza, mimi ya seva ya pili. Yeye anasoma, mimi naitika. Nafasi ya kwanza, diski. Ipo. Ya pili, kioo. Ipo. Ya nne, mtandao. Ipo. Tuliita vifaa vyote vya mashine zote hivyo hivyo, sauti mbili za wazee kama mahudhurio ya darasa. Kisha Gervas akatuangalia.

"Naanza na ya maabara?"

"Anza na ya maabara," nikasema. Mikono yangu niliikalia.

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Robo. Nusu. Ulipofika karibu na mwisho ukasimama, na mimi nikasimama nao. Kisha ukamalizika. Upande wa kwanza mashine ikazimika, upande wa pili ikawa hai, na saa yake ilikuwa haijapoteza hata sekunde moja. Gervas akahamisha zilizobaki, moja moja. Ya mwisho ilipofika nikaona Bwana Murtaza ameweka rula mezani.

Simu yangu ikaita. Bi Mwanaidi. Nikaweka sauti ya wazi, sote tusikie.

"Mwalimu, mtaanza saa ngapi? Nina foleni mpaka mlangoni, nataka nijue nisimamishe kazi saa ngapi."

"Bi Mwanaidi, tumeshamaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Kuhamisha. Mashine yako iko jengo la pili tangu robo saa iliyopita."

Tukasikia anamuuliza mtu kama majibu yanafika wodini, na mtu akajibu kwa mbali, "Si yanafika tangu asubuhi, dada?"

"Sasa mbona mnanipotezea muda na simu?" Bi Mwanaidi akasema.

"Wewe ndiye uliyepiga."

Kicheko chake kilijaza chumba. Bwana Murtaza alicheka mpaka akavua miwani. Gervas aliweka kichwa mezani, mabega yakimtikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipoinuka na macho mekundu, akanipa mkono kama tumekutana siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Tulikwenda kula wali na samaki kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi, watu watatu, saa saba mchana. Tuliweka simu zetu tatu mezani katikati ya sahani, kwa mazoea. Tulikula mpaka tukaongeza pilipili na ndimu, tukanywa maji ya baridi, Bwana Murtaza akasimulia habari zake mbili za wajukuu, kila moja mara mbili. Hakuna simu hata moja iliyolia.